Kaya Haihami: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mpango wa Jamii wa Kuilinda Misitu ya Kaya na Viumbe Wake Tabianchi Inapobadilika

Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu yenye makazi ya kale ya mababu wa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ni midogo. Mingi haifiki hata hekta mia mbili. Kaya Kinondo kule Diani ina hekta 30 hivi tu, unaimaliza kwa miguu asubuhi moja. Lakini ndani ya vipande hivi vilivyotawanyika Kwale, Mombasa na Kilifi imebaki miti, vipepeo, konokono na ndege ambao nje ya uzio wa msitu huwaoni tena. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu kadhaa kati ya hiyo, iliyosambaa kwenye ukanda wa kilomita 200 hivi, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za makaya ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa hiyo dunia ilikwisha kuelewa kwamba msitu na mila yake vinaishi pamoja na vinaweza kufa pamoja.

Msitu mkubwa unaopanda mlima una pa kukimbilia joto likizidi. Mbegu zinadondoka juu kidogo kila kizazi, ndege na popo wanazisogeza, na baada ya miaka mingi msitu umejihamisha. Kaya imezungukwa na mihogo, minazi, nyumba, barabara na machimbo ya mchanga. Haihami. Ndiyo maana mpango wa kaya hauwezi kunakiliwa kutoka kwenye mpango wa msitu mkubwa wa serikali. Kazi kubwa iko pembezoni mwa kaya, kwenye mbegu, na kwenye ardhi iliyo kati ya kaya moja na nyingine.

Njia ninayoieleza hapa nimeitohoa kutoka kwa mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, waliotangulia kuandika mipango ya aina hii. Waswinomish wa jimbo la Washington walitoa tamko lao la tabianchi mwaka 2007 na kukamilisha mpango wa utekelezaji mwaka 2010. Mwaka 2019 Waojibwe na Wamenominee wa eneo la Maziwa Makuu ya kule, pamoja na washirika wao, walitoa orodha ya mikakati ambayo jamii yoyote inaweza kuchagua humo inayoifaa. Mkakati wa kwanza kabisa katika orodha hiyo ni kurudi kwenye mila na kutafuta uongozi wa kiroho kabla ya kugusa chochote, na kupanda miti kunakuja baadaye. Mzee wa kaya akisikia hilo hatashangaa.

Hatua ya kwanza: Idhini, na nani mwenye mpango

Anza kwa baraza la wazee, liwe linaitwa kambi au ngambi kwenu. Nenda na mtu anayejulikana nao, kwa utaratibu wa mila, bila kompyuta na bila fomu. Swali la siku hiyo ni moja tu: je, wazee wanataka mpango huu, na kama wanautaka, nani atausimamia? Wakisema wanahitaji muda, wape muda. Nimeona mipango mingi iliyoandikwa haraka mjini ikaletwa kijijini kusomwa. Wazee waliitikia kwa heshima, na hakuna aliyeigusa tena.

Mkikubaliana, undeni kamati ndogo ya watu wasiozidi kumi na wawili. Wawemo wazee wawili au watatu, kina mama wanaookota kuni na kuchuma dawa, vijana wanaojua kutumia simu kupiga picha na kurekodi mahali, mkulima au wawili ambao shamba lao linapakana na kaya, na mfugaji. Msimwache nje mchoma mkaa kama yupo. Anaijua hali ya miti ya pembezoni kuliko mtu yeyote, na mpango usiomhusisha ataufuta kwa panga moja.

Kisha waalikeni wenye mamlaka ya kisheria kama washauri. Makaya mengi yametangazwa kuwa mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yenye kitengo chake cha uhifadhi wa misitu ya pwani tangu mwaka 1992. Mengine yako ndani ya misitu ya serikali, na hapo Shirika la Huduma za Misitu na chama cha jamii cha misitu lazima wahusike. Ulizeni mapema kaya yenu iko chini ya nani, kwa sababu jibu litaamua nani anatia saini baadaye.

Jambo jingine liamuliwe siku hizo hizo za mwanzo: nini hakitaandikwa. Mahali fingo (hirizi ya kuilinda kaya) lilipozikwa, makaburi ya wazee, maneno ya viapo na dawa za siri havihitajiki katika mpango wa tabianchi. Andikeni tu kwamba eneo fulani "ni la wazee" na lina masharti yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na sanaa za jadi, na jamii ina haki ya kukataa kuyatoa. Tena msichapishe majina wala picha za wazee bila wao kuridhia. Pwani tumezika wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na hati inayosambazwa mtandaoni ikimtaja mzee kuwa "mwenye maarifa ya msitu" inaweza kumwingiza hatarini. Mpango unaweza kusema "wazee wa kaya" na ukatosha.

Hatua ya pili: Ramani na orodha ya viumbe

Ramani ya kwanza ichorwe chini, mchangani, kwa vijiti na mawe. Kila mtu aweke anachokijua: milango ya kaya, njia, vijito, miti mikubwa, mapango ya popo, mahali moto ulipoingia, mahali mawe yanapochimbwa. Vijana waipige picha kutoka juu, kisha watembee na simu kurekodi mipaka ya nje. Sehemu za siri zisirekodiwe. Gaweni ramani katika kanda tatu: moyo wa kaya, pembezoni (mita hamsini hivi za mwisho za msitu), na majirani, yaani mashamba, vijito na vichaka vinavyoizunguka.

Orodha ya viumbe ndiyo itakayoonyesha kama mpango ni wenu au wa mtu mwingine. Wataalamu watakuja na orodha ya spishi adimu duniani, nayo ni ya maana. Lakini muulizane pia: ni mti gani ukikosekana ibada haifanyiki? Dawa gani kina mama sasa wanaitafuta mbali? Mti gani unalisha ndege na popo wakati mingine haina kitu? Mnyama gani zamani alisikika usiku na sasa hasikiki? Waojibwe, kwa mfano, waliweka mpunga mwitu, manoomin, mbele ya viumbe vingine vingi. Wao na mmea huo ni watu wa hadithi moja, na ukitoweka ziwani hawana cha kuweka mahali pake.

Msizidi viumbe kumi na tano. Kwa kaya ya upande wa Kwale wenye mvua zaidi, orodha inaweza kuwa na mvule, mbambakofi, msandarusi, mbega, popo wa matunda, hondohondo, na mimea minne au mitano ya dawa. Kila kiumbe kiandikwe kwa jina la kwenu, Kidigo, Kigiriama, Kiduruma au lugha yoyote, kisha Kiswahili, kisha la kitaalamu. Jina moja la mti laweza kumaanisha miti miwili tofauti kati ya Kwale na Kilifi, kwa hiyo pale msipokuwa na uhakika kaushieni tawi lenye ua au tunda ndani ya gazeti na mlipeleke Makavazi likatambuliwe.

Hatua ya tatu: Kumbukumbu za watu na vipimo vya mvua

Fungueni karatasi ndefu, choreni mstari wa miaka, na mpandishe matukio: ukame wa 1984, El Niño ya 1997 na 1998, misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, kisha mafuriko ya vuli ya 2023. Kwa kila tukio ulizeni kaya ilifanyaje. Miti gani ilikauka kuanzia juu? Kijito kipi kilikatika? Mwaka gani mbambakofi haikuzaa? Moto uliingia kutoka shamba la upande gani? Mzee wa miaka sabini anaweza kukupa miaka hamsini ya uchunguzi ambao hakuna taasisi iliyoulipia.

Halafu tengenezeni kalenda ya misimu. Safu kumi na mbili za miezi, na chini yake: kaskazi na kusi, masika na vuli, kila mti wa orodha unapochanua, unapozaa na unapopukutisha, popo wanapofika, nyuki wanapohama. Wekeni mistari miwili kwa kila kiumbe, mmoja wa "zamani" kama wazee wanavyokumbuka na mmoja wa "sasa". Mistari hiyo ikiachana, hapo ndipo pa kuchimba.

Kumbukumbu ziambatane na vipimo. Nunueni kipima mvua cha plastiki, kifungeni juu ya nguzo mahali peupe pasipofunikwa na mti wala paa, na mkisome kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa nchini. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mwalimu wa shule ya jirani akipewa kazi hii na wanafunzi wake, daftari halitakatika. Ombeni pia takwimu za miaka mingi kwa mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti yenu. Mtaziona zikisema jambo ambalo wakulima wameshalisema: tangu miaka ya themanini masika yamekuwa yakipungua na kuyumba Afrika Mashariki, ilhali makadirio mengi ya wanasayansi yanaonyesha mvua kubwa za kupasuka zikiongezeka siku za usoni, hasa vuli.

Hatua ya nne: Kuingia msituni kuhesabu

Hapa kazi ni ya jasho, na haihitaji shahada. Chagueni viwanja vya mita 20 kwa 20, vitano moyoni mwa kaya (pale wazee wanaporuhusu) na vitano pembezoni. Pimeni kila mti mnene kuliko kiganja kwa kuzungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina, urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Andikeni jina na kipimo. Simameni kwenye kona ile ile kila mwaka mpige picha ya upande ule ule.

Kisha pigeni magoti. Watu wengi wakiingia kayani hutazama juu, wakaona shina la mbambakofi lisilokumbatika na kusema msitu uko salama. Mti mkubwa unakuambia mvua ya miaka mia iliyopita ilikuwaje. Mvua ya sasa inaonekana kwenye mche wa urefu wa goti. Gaweni ndani ya kila kiwanja kipande cha mita mbili kwa mbili, ondoeni majani makavu polepole kwa mkono, na hesabuni miche ya kila kiumbe cha orodha: iliyoota mwaka huu yenye majani mawili matatu, ile ya goti, na ile ya kiuno. Mkikuta mbegu zimeota kwa wingi lakini hakuna hata mche mmoja wa goti, basi kiangazi kinaua, au mbuzi wanaingia, au kivuli kimeondoka. Mkikosa hata mbegu zilizoota, tafuteni aliyekuwa akizisambaza. Ni majibu mawili tofauti na yanahitaji kazi tofauti.

Pembezoni angalieni mambo matatu. Upepo, kwa kuhesabu miti iliyoanguka au kukatika vichwa. Majani makavu na nyasi ndefu zinazoweza kubeba moto. Na mimea wageni, lantana na mwarobaini hasa. Najua mwarobaini unapendwa kila nyumba, nasi tunautumia. Lakini ndege wakila matunda yake hupeleka mbegu msituni, nao hustahimili kiangazi kuliko miti mingi ya kaya, kwa hiyo kila ukame mrefu unaupa nafasi mpya. Kaya kadhaa za pwani tayari zina mwarobaini ndani.

Hatua ya tano: Kupima nani yuko hatarini

Kwa kila kiumbe jibuni maswali matatu. Je, mabadiliko yatamfikia kwa kiasi gani? Yakimfikia, ataumia kwa urahisi kiasi gani? Na ana uwezo gani wa kujimudu? Wapeni alama ya chini, wastani au juu kwa kila swali, na muandike sababu. Sababu ina thamani kuliko alama.

Chukueni mvule. Mti huu una dume na jike, miti miwili mbalimbali. Kaya ikibaki na mivule minne, na mitatu ikawa madume, uzazi unategemea jike mmoja. Mbegu zake ndogo husambazwa na popo wa matunda, kwa hiyo pango la popo likifukizwa moshi kilomita chache kutoka hapo, mvule wa kaya unaumia bila kukatwa. Miche yake ikipandwa mahali peupe hushambuliwa na mdudu mdogo anayefanya vikonyo na majani yavimbe kama majipu kisha yaoze. Kwa hiyo: kufikiwa, wastani, kuumia, juu, kujimudu, chini. Tayari mmejua nini cha kufanya: kuhesabu majike, kulinda popo, na kupanda chini ya kivuli chepesi cha miti mingine badala ya shambani peupe.

Mbambakofi ni habari nyingine. Mbegu zake kubwa nyeusi zenye kofia nyekundu huota vizuri, watoto wanaziokota kuchezea, na mti hustahimili kiangazi. Hatari yake kubwa imekuwa msumeno. Kwa mti huo, mpango wa tabianchi wa maana ni ulinzi na kupanda kwa wingi, na hauhitaji mtaalamu kutoka mbali.

Mkimaliza wote, pangeni katika makundi: walio hatarini sana na muhimu sana kwa mila, walio hatarini lakini wanaweza kungoja, na wanaojiweza. Kundi la kwanza ndilo litakalopewa fedha na muda.

Hatua ya sita: Kufikiria miaka ya mbele

Msitafute kutabiri. Chukueni hali tatu na mkae nazo mchana mzima barazani: miaka kumi ya masika hafifu na kiangazi kirefu, vuli za mafuriko zinazomomonyoa vijito, na hali ya tatu, ambayo wengi huisahau, ambapo mvua si mbaya lakini watu wameongezeka na ardhi ya jirani imeuzwa. Kwa kila moja ulizeni: kaya itakuwaje, viumbe wa kundi la kwanza watakuwaje, na sisi tutakuwa tunafanya nini? Mtu mmoja asimame upande wa ukame, mwingine upande wa mafuriko, mwingine upande wa dalali wa ardhi. Kazi inayofaa katika hali zote tatu ndiyo ya kuanza nayo.

Tuna funzo la karibu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalileta udongo mwingi mno kwenye hori la Mwache, Mombasa, mizizi ya mikoko ikafukiwa ikakosa hewa, na eneo kubwa likafa. Udongo ule ulitoka juu, kwenye miteremko iliyobaki tupu. Mpango wa mikoko usiotazama juu ya mto ulikuwa umeshashindwa kabla mvua haijanyesha. Kaya iliyo kando ya mto iko hivyo hivyo.

Hatua ya saba: Kuchagua kazi

Kwa kila kiumbe na kila ukanda mna njia tatu. Kupinga mabadiliko, yaani kuhakikisha pabaki palivyo. Kuyakubali, pale gharama ya kupinga haina mwisho. Au kuyaelekeza, yaani kusaidia msitu ugeuke taratibu kuelekea hali mtakayoweza kuishi nayo. Moyo wa kaya kwa kawaida mtapinga. Pembezoni mtaelekeza. Wazee ndio waseme wapi ni wapi.

Pembezoni kwanza. Pandeni ukanda wa mita kumi hadi ishirini wa miti ya asili inayokua haraka na kustahimili jua, nje ya mpaka wa kaya, kwa makubaliano na mwenye shamba. Ukanda huo unavunja upepo na kurudisha unyevu. Mwenye shamba apate kitu: miembe au mikwaju kwenye mstari wa nje, mizinga ya nyuki, majani ya kulisha mbuzi. Kabla ya kiangazi fyekeni nyasi upande ule moto unakotokea, na mkubaliane na wakulima siku za kuchoma mashamba: asubuhi na mapema, bila upepo, jirani wakiwa wamearifiwa.

Kuni hazikatazwi kwa bango. Hekta moja ya mvinje iliyopandwa mbali na kaya inatoa nguzo na kuni, na wakulima wa pwani wanajua kuupanda. Mvinje usiingizwe msituni wala ukanda wa pembezoni. Mwarobaini ung'olewe ukiwa mche, kwa mkono, baada ya mvua udongo ukiwa laini. Ule mkubwa ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo rudini kuvunja machipukizi kila baada ya miezi michache mpaka kisiki kichoke. Hilo lisifanyike ndani ya kaya bila idhini ya wazee, hata kama mti ni mgeni.

Mbegu ni kazi ambayo ningeipa nguvu kuliko zote. Kusanyeni kutoka miti mama mingi iwezekanavyo, kumi na mitano au ishirini kwa kila aina, iliyo mbali mbali, ili miche isiwe ndugu wa tumbo moja. Kwenye kaya ndogo hamtaipata idadi hiyo, kwa hiyo ombeni kaya jirani. Hapo pana fursa ya pekee: kaya za bara ya Kilifi na Kwale zimeishi na mvua chache kuliko za ufukweni, na miti yao ya aina ile ile huenda imezoea ukame. Kuchanganya sehemu ya mbegu za kule na zenu, zilizo nyingi zaidi, ni kuupa msitu nafasi ya kuchagua. Lakini mbegu ya kaya moja kuingia kaya nyingine ni jambo la wazee wa pande mbili, na wakikataa, pandeni miche hiyo kwenye ukanda wa nje.

Mbegu nyingi za msitu zenye nyama na maji hazivumilii kukaushwa wala kuwekwa. Zipandeni ndani ya siku chache. Ngumu kama za mbambakofi hukaa. Kitalu kiwe karibu na maji na kivuli cha makuti, na miezi miwili kabla ya kupanda punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo ili miche ikaze. Pandeni masika yakishatulia, msikimbilie mvua ya kwanza, kwa sababu masika ya siku hizi huanza kwa udanganyifu kisha jua likawaka wiki mbili. Andikeni kila mche: umetoka mti gani, umepandwa wapi, lini. Msipoandika, miaka mitano baadaye hamtajua mbegu ipi ilishinda ukame.

Halafu kuunganisha. Popo, hondohondo na vipepeo wanaweza kuvuka shamba lenye miti, na mbegu hupita tumboni mwao. Mbuyu uliobaki shambani, msururu wa miti kando ya kijito, ua wa miti badala ya waya, vyote ni vituo. Chagueni kijito kimoja kinachoelekea kaya ya pili na mpande kando yake mita tano kila upande. Hilo pia linazuia udongo kuteremka. Wakulima wa Gede wanaofuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia mradi wa Kipepeo tangu mwaka 1993 wameonyesha kwamba mtu akipata riziki kwa kiumbe wa msitu, hulinda na chakula cha kiumbe huyo.

Hatua ya nane: Hati, sheria na fedha

Mpango wenyewe uwe mfupi, kurasa kumi na tano zatosha, kwa Kiswahili, na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa lugha ya kwenu utakaosomwa barazani. Ndani yake: ramani isiyo na siri, orodha na sababu za alama, kazi zilizochaguliwa, nani anafanya, lini, kwa gharama gani, na masharti ya wazee.

Upelekeni kwenye kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi. Kamati hizi zimeundwa katika kaunti nyingi chini ya mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, na ndiyo njia fupi ya kufikia mfuko wa kaunti. Zingatieni ratiba ya bajeti: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi linalofika Mei limechelewa mwaka mzima. Ingieni kwenye vikao vya maoni ya umma mkiwa kumi, mama mmoja na mzee mmoja wakizungumza, na hati mkononi.

Mkizungumziwa fedha za kaboni, yaani malipo ya kaboni inayohifadhiwa na miti, ulizeni sana kabla ya kutia saini. Mikoko Pamoja ya Gazi na Makongeni, mradi wa jamii wa kuuza kaboni ulioanza mwaka 2013 kwa hekta 117 za mikoko, umeleta maji na vifaa vya shule, na jamii yenyewe ndiyo huamua matumizi. Kaya ni ndogo mno kufanya hivyo peke yake, na mkataba wa miaka ishirini juu ya mahali pa ibada si jambo la kuamuliwa kikao kimoja.

Hatua ya tisa: Kufuatilia na kubadilisha

Chagueni dalili tano, zisizidi: milimita za mvua kwa msimu, idadi ya miche ya goti katika viwanja kumi, siku ya kwanza ya maua ya miti mitatu, idadi ya popo wanaotoka pangoni jioni moja ya mwezi uliokubaliwa, na mita za mpaka zilizoungua au kuvamiwa. Kila dalili iwe na kikomo kilichokubaliwa mapema. Mfano: miche ya mvule ya urefu wa goti ikikosekana miaka mitatu mfululizo, kamati inaanza kupanda bila kungoja kikao kingine. Masika mawili mfululizo yakikosekana, zamu za kuzuia moto zinaongezwa mara mbili na kitalu kinapewa maji kwanza.

Kutaneni mara moja kwa mwaka baada ya vuli, kayani au nje ya mlango wake kama wazee watakavyosema. Someni daftari la mvua, bandikeni picha za kona zile zile kwa mpangilio wa miaka, na muulize kila aliye kwenye orodha ya kazi amefanya nini. Kazi ambayo haikufanyika miaka miwili mfululizo ifutwe au ipewe mtu mwingine. Baada ya miaka mitano, wakati kaunti inapoandika mpango wake mpya wa maendeleo, rudieni hatua ya tano na kalamu mpya. Nakala moja ya kila kitu ibaki kwa wazee, moja shuleni, moja kwa kitengo cha Makavazi, na daftari la mvua likijaa lisitupwe.